Kitu cha Manjano cha Rosakutty

Mvua za Juni zilikuwa na siku nne tu tangu zianze, Rosakutty alipoingia maktaba akiwa amejitwisha beseni la bluu, mwavuli mkononi, na uso wa mtu aliyekwisha kugombana na mtu njiani.

"Sasankan," akaniambia, akilitua beseni juu ya magazeti ya watu, "niandikie hiki kwenye maonyesho."

Mimi ndiye katibu wa maktaba ya Chembakkunnu. Kinachonilisha ni cherehani. Ukatibu unanikondesha tu. Kila mwaka mvua zikianza tunafanya maonyesho ya siku tatu. Watu wanaleta walichopanda, walichofuga na walichokuza, mwalimu Saudamini anahukumu, na mshindi wa jumla anaondoka na sufuria ya presha. Fomu yetu ina visanduku vitatu: Mimea, Wanyama, Uyoga. Hicho cha tatu tulikiongeza kwa ajili ya Pailey, ambaye aligoma uyoga wake usishindanishwe na mafenesi. Akasema ni sawa na kumshindanisha padri na tembo.

Nikachungulia beseni. Ndani yake kulikuwa na kipande cha gogo bovu la mfenesi, na juu ya gogo kitu cha manjano, manjano kama mayai yaliyovurugwa, kimetandazika na kutoa mishipa mishipa pembeni kama ramani ya mito.

"Umemwaga mayai, chechi?" nikamuuliza, maana kwetu dada mkubwa ni chechi.

"Mayai! Hata mume wangu alisema hivyo hivyo. Nimemkuta jikoni amekwisha kukaanga kitunguu, kijiko mkononi. Nimemfukuza." Akainama karibu na sikio langu. "Kinatembea."

"Nini?"

"Kinatembea, Sasankan. Jumatatu asubuhi kilikuwa upande wa chini wa gogo. Mchana kimepanda juu. Jumanne nimekikuta kwenye jiwe la kusagia nazi. Nimekirudisha mwenyewe, kwa jani la mgomba. Leo nimeweka alama kwa chaki, kimeivuka. Sasa andika."

Nikashika kalamu, nikaiangalia fomu, na kalamu ikagoma. Niandike kwenye kisanduku kipi? Hata leo ninaposimulia bado nahangaika: kama ni mnyama, niseme alivuka, kama ni uyoga, niseme ulivuka. Nitasema kilivuka, na asiyependa aje achukue ukatibu.

Ng'ambo ya barabara ni hoteli ya chai ya Moidu, na wakuu wote watatu wa sehemu za maonyesho walikuwemo humo, kwa sababu mvua ikinyesha hakuna mahali pengine pa mwanamume kukaa. Nikawaita. Wakavuka barabara wakiwa na glasi zao za chai, viganja juu ya glasi kuzuia mvua.

Pailey, mkuu wa Uyoga, tunamwita Pailey chetta kwa sababu ni kaka mkubwa wa kila mtu, apende asipende. Ni mtu mrefu, mkavu, mwenyekiti wa kampeni ya kupinga pombe pale kanisani. Uyoga wake mweupe, anaoukuza katika mifuko ya majani makavu ya mpunga, ulikuwa umeshinda miaka mitatu mfululizo. Alikitazama kile kitu mara moja tu.

"Si uyoga."

"Kimeota kwenye gogo bovu, chetta," Rosakutty akasema. "Kinapenda unyevu. Kinachukia jua. Sasa ni nini, gari?"

"Uyoga una shina. Uyoga una kofia. Na zaidi ya yote, Rosakutty, uyoga una adabu: ukiuacha mahali unaukuta palepale. Hiki umesema kinatembea. Mpe Velukkutty."

Velukkutty, mkuu wa Wanyama, ana mbuzi saba na bata wasiohesabika, na anaamini kwamba hakuna mnyama asiyemjua. Akalizunguka beseni mara mbili.

"Mdomo uko wapi?"

"Sijauona," akasema Rosakutty.

"Macho?"

"Hakina."

"Upande wa nyuma?"

"Velukkutty, mimi nimekaa nacho siku nne tu, hatujafika huko."

"Mnyama asiye na mbele wala nyuma mimi simpokei. Nitamwelekeza wapi kwenye gwaride? Mpe Moidu."

Moidu alikuwa mkuu wa Mimea kwa sababu ya migomba yake. Ni mtu mnene, mpole, mgonjwa wa sukari anayeuza vitumbua mchana kutwa bila kuruhusiwa kuonja. Akakisogelea kwa huruma.

"Jamani, ningekichukua. Lakini kijani chake kiko wapi? Jani hata moja? Mizizi? Nikikiweka kando ya ndizi zangu watu watasema zimeoza."

Basi wote watatu wakanywa chai yao wamesimama, wakamwangalia Rosakutty. Naye akawaangalia. Huyu ni mgema wa mpira. Kila alfajiri isiyo ya mvua anakata magome ya miti mia tatu kwa kisu kilichopinda. Si mtu wa kumwangalia hivyo kwa muda mrefu.

"Nyinyi watatu," akasema, "hamjui. Semeni tu hatujui. Mdomo hautachanika."

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza, maana hapa kwetu unaweza kumwambia mtu mwizi akasamehe, lakini umwambie hajui!

Siku mbili zilizofuata, kile kitu kilikaa juu ya kabati la fahirisi, na hoteli ya Moidu iliishi kwa ajili yake. Majaribio yakafanywa. Velukkutty akasema mnyama hujulikana kwa chakula, basi kikawekewa wali, kipande cha dagaa, na chembe za oti alizoandikiwa Moidu na daktari. Asubuhi wali ulikuwa vilevile, dagaa vilevile, lakini oti zimefunikwa manjano tupu.

"Kimekula oti!" Moidu akapiga kelele. "Kichukueni chote! Kuna pakiti nzima!"

Daktari wa mifugo alikuwa anapita kwa pikipiki kwenda kumzalisha ng'ombe wa mtu. Tukamsimamisha. Akavua koti la mvua, akafungua mkoba, akatoa kipima joto, akakitazama kile kitu, akaturudia sisi.

"Nikiweke wapi?" akauliza.

Akarudisha kipima joto mkobani, akasema kwamba kwa maoni yake ya kitaalamu hakina mimba, akaondoka.

Kumbe maneno yake yalitembea kuliko pikipiki yake. Kufikia jioni watu wa kijiji cha jirani walikuwa wanauliza kuhusu mnyama wa manjano ambaye daktari ameshindwa kumpima. Kesho yake likaja basi dogo zima la walimu. Watoto wa shule wakapanga foleni chini ya miavuli. Na foleni ile ikawaingia wakuu wa sehemu moyoni.

Velukkutty ndiye aliyekuja wa kwanza, amevaa shati safi.

"Sasankan, nimefikiri. Konokono naye hana miguu, na ni mnyama. Kiandike kwangu."

Nusu saa baadaye Moidu akaniletea chai ya bure, nikajua kuna jambo. "Katibu, kuna mimea inayotambaa. Maboga je? Boga linatoka kwangu linaingia kwa jirani, nani amewahi kuliita mbuzi? Kiandike Mimea."

Jioni akaja Pailey. Hakuleta chai. Alileta kauli. "Nimezungumza na dhamiri yangu. Kilichoota kwenye gogo bovu ni cha ukoo wa uyoga, hata kama hakikulelewa vizuri. Nitakipokea kama mtu anavyompokea ndugu mlevi."

"Juzi ulisema uyoga una adabu," nikamwambia.

"Juzi sikuwa nimeomba."

Watu wa kijiji nao wakagawanyika. Sisi hatuwezi kukubaliana jambo bila maandamano, wala kutokukubaliana bila maandamano mawili. Vijana wa Velukkutty wakapita barabarani na bango la gunia: HAKI KWA WANYAMA WASIO NA UPANDE. Watu wa Moidu wakawakuta kwenye daraja wakiimba kwamba mmea ni mmea hata ukitambaa. Pailey alikuwa na wafuasi wanne tu, wote wazee wa kanisa, lakini walikuwa na ngoma.

Nikaona bora niende kwa mwalimu Saudamini.

Mwalimu alifundisha biolojia pale sekondari kwa miaka ishirini na minane. Karibu sote tumepita mikononi mwake, na wengi wetu tulipita kwa shida. Tangu astaafu alikuwa haonekani sana. Mume alikwisha kufariki, mtoto yuko mbali, na yeye alibaki na hadubini ya zamani aliyoinunua shule ilipouza vitu chakavu, akitazama humo matone ya maji ya kisima kama watu wengine wanavyotazama tamthilia. Nikamkuta anamenya muhogo barazani. Nikamweleza. Nilipofika kwenye kipima joto akaacha kumenya.

"Cha manjano? Kina mishipa? Ukikikazia macho, ute wa ndani unakwenda mbele, kisha unarudi?"

"Hatujakikazia macho hivyo, mwalimu. Tulikuwa tunaandamana."

Akachukua mwavuli, akatoka na kisu cha muhogo mkononi bado. Maktaba ilikuwa imejaa. Watu wakampisha kama wanafunzi, hata wenye mvi. Akainama juu ya beseni na lenzi, akakaa hivyo muda mrefu mpaka Velukkutty akaanza kukohoa. Kisha mwalimu akacheka. Alicheka peke yake, mabega yakitikisika, na nikagundua kwamba sijawahi kumsikia mwalimu Saudamini akicheka tangu nizaliwe.

"Ni nani aliyekileta?"

"Mimi, mwalimu," Rosakutty akasema kutoka nyuma, kwa sauti ndogo ambayo si yake.

"Kizuri sana. Nitaamua siku ya pili ya maonyesho, wakati wa hukumu. Kwa sasa kiwekeni peke yake, na msikipe tena dagaa."

"Lakini kiko sehemu ipi, mwalimu?" Pailey akauliza.

"Pailey, nimesema siku ya pili. Kaa chini."

Na Pailey, mwenye miaka sitini na tano, akakaa.

Maonyesho yakafunguliwa. Siku ya kwanza ilikwenda vizuri: mkungu wa ndizi wa Moidu ulihitaji watu wawili kuubeba, bata wa Velukkutty walipita gwarideni wakanya mbele ya mgeni rasmi, na uyoga wa Pailey ulitundikwa katika mifuko yake sita, mweupe, umepangana kama masikio ya watoto waliooga. Kile kitu kilikuwa na meza yake pembeni, na watu wengi kuliko wote.

Sasa hapa lazima nikiri. Paa la maktaba linavuja. Jioni, nikifunga milango, nikaona tone linaanguka moja kwa moja ndani ya beseni la bluu, tii, tii. Nikalihurumia. Nikalisogeza mahali pakavu. Mahali pakavu palipokuwepo palikuwa kando ya mifuko ya Pailey, imegusana na ukingo wa beseni. Nikafunga, nikaenda zangu nyumbani nikiwa nimeridhika na nafsi yangu.

Asubuhi yowe la Pailey, mwenye ufunguo wa pili, lilinikuta bado niko hatua mia kutoka mlangoni.

Ndani ya beseni gogo lilikuwa uchi. Kitu chenyewe kilikuwa kimepanda ukingo, kimeshuka upande wa pili, na kimetandaa juu ya mifuko yote sita, kinene, kinang'aa, chenye afya kuliko kilivyowahi kuwa. Chini yake uyoga mweupe ulikuwa umebaki vinyama vinyama vinavyoteleza. Palikuwa na njia ya ute mkavu kutoka beseni mpaka kwenye mfuko, kama saini.

"Kimenila!" Pailey akalia. "Rosakutty! Kitu chako kimenila!"

"Kimekula uyoga, chetta," nikasema. "Wewe uko mzima."

"Miaka mitatu! Miaka mitatu nimeshinda! Andika malalamiko, katibu. Andika: Mnyama wa Rosakutty amekula uyoga wangu."

Nikaandika. Velukkutty, aliyekuwa ameingia sasa hivi na bata kwapani, akasimama.

"Umesema nani?"

"Mnyama!" Pailey akafoka. "Kinachokula ni mnyama! Na kanuni ya tisa inasemaje? Isome, Sasankan, isome kwa sauti!"

Kanuni ya tisa tuliiandika mwaka ambao mbuzi wa Velukkutty alikula mmea wa pilipili manga wa watu na nusu ya hotuba ya mgeni rasmi. Nikaisoma: mnyama atakayeharibu cha mshindani mwingine, mwenye mnyama afungiwe maonyesho miaka miwili, na yeye pamoja na mkuu wa sehemu ya Wanyama wafagie maktaba mwezi mzima.

Nikamaliza kusoma. Velukkutty alikuwa amekwisha badilika rangi.

"Hiki si mnyama," akasema. "Mdomo uko wapi? Nyuma iko wapi? Mimi tangu siku ya kwanza nilisema. Kuna mtu alinisikia nikisema vingine?"

"Juzi ulikuwa na bango!" nikamwambia.

"Bango lilikuwa la gunia. Gunia si ushahidi."

Rosakutty alikuwa amefika, kanga iliyolowa mvua kichwani. Akalitazama beseni, akaitazama mifuko, na nikaona anafikiri haraka.

"Pailey chetta," akasema kwa upole wa kutisha, "wewe mwenyewe ulikipokea. Ulisema ni ukoo wa uyoga. Basi ni ndugu. Ndugu amekuja, amekula kwa ndugu yake. Sasa unamshtaki nani? Tangu lini uyoga ukala uyoga ikawa kesi?"

"Mimi nilisema vile kabla sijajua tabia yake!"

"Jamani," Moidu akaingilia, "kikiwa mmea itakuwa ni gugu tu, na hakuna anayefungiwa kwa sababu ya gugu..." Kisha akaona umbali kati ya kile kitu na mkungu wake wa ndizi. Ulikuwa dhiraa mbili tu. "Hata hivyo si mmea," akamalizia. "Sina shaka kabisa."

Basi mwalimu Saudamini alipoingia saa nne, alikuta sehemu tatu zilizokuwa zinakigombea jana sasa zinasukumiana kama mtoto aliyeharisha. Akaketi kwenye kiti cha hakimu. Akaomba maji ya moto. Akanywa yote bila haraka.

"Pailey. Uyoga wako unakulaje?"

Pailey akashangaa. "Haujawahi kula mbele yangu, mwalimu."

"Unatoa maji yake ya kuyeyushia nje, majani ya mpunga yanalainika, ndipo unafyonza. Unapikia nje, unakunywa supu. Hiki hakifanyi hivyo. Hiki kinakizunguka chakula, kinakimeza, kinakimeng'enya ndani. Kwa hiyo si uyoga."

"Ahsante, mwalimu!" Pailey akasema. Velukkutty akashika kichwa.

"Velukkutty. Ukimkata mbuzi wako vipande viwili, unapata nini?"

"Kesi, mwalimu."

"Biriani," Moidu akanong'ona.

"Hiki ukikikata viwili, unapata viwili vizima. Ukiviweka pamoja, vinaungana, kinakuwa kimoja tena, bila kinyongo. Na chote hiki mnachokiona, kuanzia mfuko ule mpaka huu, ni seli moja. Moja! Wewe una seli zisizohesabika na bado hukumbuki kufunga zizi. Si mnyama."

Velukkutty akambusu bata.

"Moidu..."

"Mimi nimejitoa, mwalimu."

"Basi ni nini?" watu wakauliza wote kwa pamoja.

Hapo mwalimu akaweka chini glasi ya maji. "Nilipokuwa chuoni," akasema, "tuliandika kwamba ni kuvu, na uyoga tuliuandika kwenye mimea, kwa sababu vitabu vyetu vilikuwa na himaya mbili tu, mimea na wanyama, na kila kiumbe alipaswa kusukumwa humo hata kama miguu inabaki nje. Baadaye uyoga ukapewa himaya yake. Viumbe wadogo, wa seli moja, wasiofaa kwingine, wakatiwa kwenye himaya nyingine, ambayo ukweli wake ilikuwa droo. Mnazo nyumbani: uzi, ufunguo usiojulikana wa wapi, betri iliyokwisha. Na sasa hata droo hiyo wanaipangua. Kitu hiki wanasema ndugu zake wa karibu ni amiba, yule wa kwenye maji machafu. Mimi nimekifundisha mara tatu, kila mara kundi tofauti, na kila mara nilimchapa aliyejibu vingine."

Watu wakacheka, lakini yeye hakucheka. Na ndipo Rosakutty akanyoosha mkono. Ana miaka arobaini na sita, wajukuu wawili, akanyoosha mkono kama yuko darasani.

"Mwalimu, mtihani wa darasa la tisa. Swali lilisema: uyoga ni mmea au mnyama, toa sababu. Mimi niliandika: si mmea wala si mnyama, ni kitu chake chenyewe, kwa sababu hauna kijani na hauna miguu."

"Na mimi?" mwalimu akauliza taratibu.

"Ulinipa sifuri. Uliandika pembeni kwa wino mwekundu: Usijibu kama mwanasheria."

Mwalimu akakigeuza kiti kumwelekea.

"Ulipata ngapi kwa jumla, Rosakutty?"

"Thelathini na tatu." Hakuhitaji kufikiri. Alikuwa nayo mdomoni kwa miaka thelathini na mbili. "Kupita ilikuwa thelathini na tano. Baba akasema basi, shika kisu twende kwenye mpira."

Mwalimu akasimama. "Swali lile lilikuwa na alama ngapi?"

"Mbili."

"Sasankan. Andika kwenye kumbukumbu za kikao. Mimi, Saudamini, nilikosea. Jibu la Rosakutty lilikuwa sahihi na la kwangu halikuwa. Namwongezea alama mbili. Jumla, thelathini na tano. Amepita."

Sijui nani alianza kupiga makofi. Nadhani ni mzee mmoja wa ngoma wa Pailey, maana mara ngoma ikalia kweli. Velukkutty akamrusha bata juu. Rosakutty alikaa kwenye benchi la watoto, mikono mapajani, akilia na kucheka, pua imejaa, akisema, "Nimepita darasa la tisa, jamani, mume wangu ana mke wa darasa la tisa." Mwalimu akaenda kuketi kando yake, akampa leso, kisha akaihitaji mwenyewe, wakaigawana.

"Na mimi?" Pailey akauliza hatimaye, amesimama na mifuko yake iliyoliwa. "Malalamiko yangu?"

"Kanuni ya tisa inasema mnyama," mwalimu akajibu, akijifuta. "Hiki si mnyama. Malalamiko yametupwa. Na aliyekisogeza ni nani?"

Nikatazama paa. Nilifagia mwezi mzima, peke yangu.

Mwalimu akaamuru ifunguliwe sehemu ya nne, palepale, nikaiandika kwa mkono chini ya fomu: Wengineo. Rosakutty akashika nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu, kwa kuwa hapakuwa na mwingine. Sufuria ya presha ilikwenda kwa Moidu na ndizi zake.

Lakini habari ya sehemu isiyo na mkuu ikaenea, na siku ya tatu watu wakaanza kuleta. Wakaja na utando wa kijani wa kisimani, na mtindi uliotoka povu. Mmoja akaleta soksi. Mwalimu alikaa mezani na hadubini yake, nywele zimefumuka, anapanga kama karani wa posta. Mwani wa kisimani: Wengineo. Mtindi: "Hawa ni bakteria, wana kwao, wakubwa kwa umri kuliko sisi sote, wapeni meza ya heshima." Soksi ilitolewa nje. Kisha akaja Chathu, mgema wa tembo, na chupa ya tembo la mnazi linalochemka, akauliza kama povu lile nalo ni kiumbe.

Mwalimu akatazama hadubini. "Ni hamira. Na hamira, kwa taarifa yenu, ni kuvu. Ni ndugu halisi wa uyoga. Mpelekeeni Pailey."

Pailey alikuwa anafunga mizigo yake. Akaiona chupa inakuja.

"Hapana," akasema. "Hapana, mwalimu. Mimi ni mwenyekiti wa kampeni!"

"Mkuu wa sehemu ndiye anayepokea, Pailey. Kanuni ya pili. Inabidi uikague."

"Kwa macho!"

"Kwa macho tu," mwalimu akakubali. Akaikagua kwa macho, kwa mkono ulionyooshwa mbali kadiri unavyoweza kufika, huku wazee wake wanne wakijitolea mmoja mmoja kumsaidia kukagua kwa njia nyingine. Mwishowe aliipa nafasi ya kwanza, kwa sababu ndiyo pekee iliyokuwa haijaliwa.

Kile kitu hakikukaa. Wiki moja baadaye, mvua zilipopata kupumzika, kilikauka pale kwenye gogo, kikaota vijiti vidogo vyenye vichwa, na upepo ukavichukua. Rosakutty alikuja kuniambia kana kwamba ananiletea habari za msiba. Lakini alikuwa na shughuli. Kuna masomo ya watu wazima mjini kila Jumapili, darasa la kumi, na ili uingie lazima uwe umepita la tisa. Alikuwa amekwenda na nakala ya kumbukumbu zetu za kikao, yenye muhuri wa maktaba, na sahihi yangu, na doa la chai. Ofisa aliisoma mara tatu. Akauliza kama ni mzaha. Mwalimu Saudamini, aliyekuwa amesimama nyuma ya Rosakutty na mwavuli, akasema si mzaha, na kwamba anamkumbuka ofisa huyo vizuri sana, safu ya nyuma, dirishani, miaka ishirini iliyopita. Rosakutty akaandikishwa.

Jumamosi wanakaa barazani kwa mwalimu, wanakula muhogo na pilipili, na kugombania hadubini. Mwaka uliofuata Rosakutty alipata sabini na moja kwenye biolojia. Hesabu alipata thelathini na tatu, na sasa anasema lile swali la pembetatu lilikuwa na makosa. Mwalimu wa hesabu, nasikia, ameanza kupita njia ya nyuma.